Nilivyochagua SSD na RAM za Lenovo ThinkCentre M720q: uzoefu wangu wa steshenari

Msimu wa maombi ya mkopo ndio unaonionyesha kama mashine zangu ni nzima. Nina steshenari ndogo Morogoro, na dirisha la Bodi ya Mikopo likifunguliwa vijana wanajaa mpaka kwenye benchi la nje. Kila mmoja kaja na cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa RITA, fomu yenye muhuri wa serikali ya mtaa na picha ya pasipoti, na vyote inabidi viskaniwe, vipunguzwe ukubwa, vipandishwe kwenye mfumo. Mwaka 2024, msimu ukiwa umepamba moto, kompyuta yangu kuu ilianza kuganda. Unafungua faili, kiduara kinazunguka, unasubiri, na kijana aliyesimama mbele yako naye anasubiri huku ameshika nauli ya kurudia nyumbani.

Mashine yenyewe ni Lenovo ThinkCentre M720q, ile familia ya Tiny. Ni kiboksi cha kama sentimita 18 kwa 18, unene sentimita tatu na nusu, nimekichomeka nyuma ya monita wala hakionekani. Niliinunua Kariakoo ikiwa ya mtumba, yenye prosesa ya Core i5-8500T, RAM (kumbukumbu ya muda ya kazi ulizofungua) ya GB 8 na hadi diski (hard disk) ya GB 500. Naipenda sana. Adapta yake ni ya wati 65, kwa hiyo umeme ukikatika UPS yangu inaibeba muda mrefu kuliko ilivyokuwa ikiibeba ile CPU kubwa ya zamani, na meza imebaki na nafasi ya printa na mashine ya kulaminishia.

Kila niliyemweleza tatizo alinipa jibu moja. Fundi wa jirani hata hakuiwasha: "Dada, weka RAM 16 hapo, itapaa." Ndugu yangu wa Dar naye akasema hivyo hivyo kwenye simu. Nilikuwa nimeshatenga shilingi 300,000 na nilikuwa karibu kuzimalizia zote kwenye RAM.

Kilichoniokoa ni kukaa na mashine siku moja ya kazi nikiwa nimefungua Task Manager pembeni, ile inayokuja kwa kubonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Nilidhani nitaona kumbukumbu imejaa. Kumbe RAM ilikuwa inacheza kwenye GB 6 kati ya 8, na prosesa haifiki asilimia 20. Mstari wa diski ndio ulikuwa mwekundu: asilimia 100, dakika baada ya dakika, na wakati huo inasoma MB 2 au 3 tu kwa sekunde. Yaani diski inahangaika kwa nguvu zake zote na inatoa kitone.

Kwa anayejiuliza inawezekanaje, hadi diski ina sahani inayozunguka na mkono mwembamba unaotembea juu yake kutafuta data, kama sindano ya santuri. Yangu ilikuwa ya mizunguko 5,400 kwa dakika, ambayo ni mizunguko 90 kwa sekunde. Kila ikiombwa kipande kipya, kwa wastani inasubiri nusu mzunguko, milisekunde 5 na nusu, na hapo sijahesabu muda wa mkono kusogea. Faili moja kubwa inaisoma vizuri tu. Lakini Windows inapowaka, au Chrome inapofunguka huku antivirusi inakagua, vinaombwa vipande vidogo vidogo maelfu vilivyotawanyika kila kona. Hapo ndipo inapokufa. SSD, hifadhi ya chipu tupu, haina kinachozunguka ndani, kwa hiyo kungoja huko hakupo kabisa.

Nikaweka pia CrystalDiskInfo, programu ya bure inayosoma afya ya diski. Ikanionyesha alama ya njano, tahadhari, kwa sababu ya sekta zilizoharibika, na saa 31,000 za kuwashwa. Gawanya kwa 24 utapata zaidi ya miaka mitatu na nusu ya kuwaka bila kuzimwa, ofisini kwa watu huko ilikotoka. Nakuomba sana, ukinunua kompyuta ya mtumba, hii namba uisome dukani kabla hujatoa pesa. Mimi sikuisoma, nikabeba diski iliyochoka nikaijazia kazi za watu.

Nikapanda SGR kwenda Dar, nikiwa nimeamua: SSD kwanza.

M720q ina nafasi mbili za hifadhi. Moja ni ya M.2, kipande kama pipi ya bigijii chenye upana wa milimita 22 na urefu wa 80, ndiyo maana kinaandikwa 2280. Ya pili ni ya inchi 2.5, ambamo hadi diski yangu ilikuwa imekaa. Muuzaji wa kwanza alinitolea SSD ya kizazi cha nne, kasi ya MB 7,000 kwa sekunde, bei yake karibu mara mbili. Sasa nafasi ya M.2 kwenye mashine hii ni ya kizazi cha tatu cha PCIe, ile njia inayopitisha data, na mwisho wake ni kama MB 3,500. Ukiiweka ile ya 7,000 itafanya kazi, ila itakimbia kwa mwendo wa barabara iliyopo. Nikachukua WD Blue SN570 ya GB 500, ambayo kasi yake ya kusoma ndiyo hiyo 3,500, kwa shilingi 135,000.

Nilisita kidogo kwa sababu SN570 haina chipu yake ya DRAM, yaani kumbukumbu yake yenyewe, inaazima kijisehemu cha RAM ya kompyuta. Kwa anayehamisha video kubwa siku nzima hilo ni la kufikiria. Kwa kazi yangu ya PDF, picha za pasipoti na kadi za harusi, sijaona tofauti. Kilichonishawishi ni waranti ya miaka 5 na uvumilivu wa kuandikwa wa TB 300. Nimepiga hesabu: hata nikiandika GB 30 kila siku, na sifikii hapo, ni siku 10,000, zaidi ya miaka 27. Wanaosema SSD inaisha haraka wakupe na hesabu yake.

Na kama mashine yako haina M.2, usihuzunike. SSD ya SATA ya inchi 2.5 inaishia kama MB 550 kwa sekunde, na kwa mtu anayetoka kwenye hadi diski mabadiliko atakayoyaona mezani ni karibu yale yale. Kuondoka kwenye sahani inayozunguka ndiyo hatua kubwa. Namba za baada ya hapo ni za kwenye boksi zaidi kuliko za kazini.

Kuifunga nilifanya mwenyewe Jumapili. Skrubu moja nyuma, kifuniko cha juu kinateleza kwenda mbele, kisha unaigeuza na kutelezesha cha chini. RAM na M.2 viko huko tumboni. Vumbi la Morogoro lilikuwa limetanda kama unga, nikalitoa kwa brashi ya rangi mpya, laini. SSD unaiingiza kwa kuiinamisha kidogo, unailaza, unaibana. Kisha nikaweka Windows 11 upya kwa fleshi badala ya kunakili ile ya zamani, maana sikutaka kuhamisha uchafu wa miaka. Leseni ilijitambua yenyewe baada ya kuunganisha intaneti.

Zamani nilikuwa nabonyeza kitufe, nafagia mbele ya duka, narudi bado haijatulia. Nilipima kwa simu: dakika 3 na sekunde 40 mpaka naweza kufungua Word. Sasa ni sekunde 19. Siku ile ya kwanza niliizima nikaiwasha mara tatu, siamini.

Hapo ndipo tatizo la RAM lilipojitokeza, na safari hii lilikuwa la kweli. Kwa kuwa mashine ilikuwa nyepesi, nikaanza kufungua mambo mengi kwa pamoja: Photoshop, kurasa 15 za Chrome, skana, Excel ya mahesabu. Kumbukumbu ikafika asilimia 92 na Photoshop ikaanza kukwamakwama. Kwa wiki mbili niliandika kwenye daftari kiasi cha RAM kwenye saa za foleni, nikihesabu na ile ambayo Windows ilikuwa inaihamishia kwenye diski. Mahitaji yangu ya juu kabisa yalikuwa kama GB 12. Basi GB 16 zinanitosha na kubaki. Mashine inabeba hata 32, lakini hizo nyingine zingekaa bure wakati nina wino wa kununua.

Task Manager hiyo hiyo inakuonyesha nafasi ngapi za RAM zimetumika. Kwangu ilikuwa moja kati ya mbili, kwa hiyo nilihitaji kipande kimoja tu cha GB 8 cha kukaa na mwenzake. Faida yake si ujazo pekee. Vipande viwili vinavyolingana vinafanya kazi kwa njia mbili kwa wakati mmoja, na kwa kuwa mashine hii haina kadi ya picha ya peke yake, Intel UHD 630 iliyomo ndani ya prosesa inategemea RAM hiyo hiyo. Kukuza na kusogeza picha kubwa kumekuwa laini kwa namna inayoonekana kwa macho.

Angalizo moja la dukani. Nilipotaja kwamba ni kompyuta ya mezani, kijana akaniletea RAM ndefu ya DDR4 (kizazi cha nne cha RAM), ile ya sentimita 13. Vikompyuta hivi vinatumia RAM ya laptop, fupi, kama sentimita 7, yenye pini 260. Nilikuwa nimekibeba kipande changu kwenye bahasha, nikakiweka kauntani sambamba na alicholeta, mjadala ukaisha. Beba chako. Picha ya simu haitoshi, kwa sababu DDR3 na DDR4 za laptop zinafanana usipoangalia vizuri pale penye pengo. Nilipata cha kasi ya 3200 kwa shilingi 60,000. Prosesa yangu inaishia 2666, nacho kimeshuka hapo bila ugomvi.

Nilipokifunga na kuwasha, kioo cheusi. Moyo ukadunda. Nikafungua tena nikatazama kwa tochi ya simu: mstari wa dhahabu wa kipande kipya ulikuwa bado unaonekana kama milimita moja, wakati wa mwenzake umezama wote. Nilikuwa nimekilaza kabla hakijaingia. Nikakichomoa, nikakisukuma kikiwa kimeinama mpaka kikagota, nikakilaza, vishikio vya pembeni vikalia tak. Ikawaka. Usiku huo niliiacha na Memtest86+, programu ya kupima RAM, mpaka asubuhi, haikukuta kosa hata moja, ndipo nikairudisha kazini.

Sasa nieleze na kilichoniuma. Katika safari ile ile ya Dar nilinunua diski ya nje ya kuhifadhia nakala, imeandikwa SSD TB 2, shilingi 65,000. Duka silitaji, lakini bei peke yake ilitakiwa inishtue. Windows iliisoma TB 2 kweli. Nikahamishia kazi za wateja za miaka miwili. Wiki iliyofuata bibi harusi mmoja akaja kutaka kadi zake zichapwe tena, nafungua folda, majina ya faili yapo yote, kila nikifungua hakuna kitu ndani. Nilipoipima kwa H2testw, programu inayojaza diski kisha inarudi kusoma ilichoandika, ikakuta GB 58 tu za kweli. Nikaibandua kwa kisu. Ndani kulikuwa na kikadi cha memori kama cha simu kimechomekwa kwenye kibao kidogo, na kipande cha chuma kimegandishwa kwa gundi ili mkono uone uzito. Nilikaa nikakitazama kile chuma muda mrefu. Mtu alikaa akafikiria uzito wa uongo wake.

Kadi za yule dada nilizichora upya bure, usiku mbili. Sasa nina hadi diski ya nje ya TB 1 ya kawaida, yenye risiti ya EFD, nimeipima kabla ya kuiamini, na inalala nyumbani, si dukani.

Mapungufu ya M720q yapo. Nafasi ya M.2 ni moja tu, na iko chini ambako joto linakaa. Nilipoiacha imelala juu ya kitambaa cha meza, SSD ilifika nyuzi 61, nilipoisimamisha wima ikashuka hadi 47. Na uangalie namba ya modeli unaponunua. M710q inafanana nayo mno kwa nje, bei iko chini, lakini prosesa zake za kizazi cha 6 na 7 hazimo kwenye orodha ya Windows 11, na Windows 10 ilifikia mwisho wa msaada wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Kama unatumia Linux, ichukue kwa furaha. Kama kazi yako inahitaji Windows, ongeza hela kidogo upate kizazi cha 8 kama yangu.

RAM imepanda bei sana tangu mwishoni mwa 2025, viwanda vikielekeza nguvu kwenye seva za akili mnemba, kwa hiyo ile 60,000 yangu usiende nayo dukani ukitegemea kurudi na GB 8. Mimi mwenyewe nafasi ya inchi 2.5 bado iko wazi, nasubiri msimu upite ndipo niweke SSD ya SATA ya kazi za wateja. Ile hadi diski ya zamani nimeifuta, nimeiandika "MBOVU" kwa maka pen, iko kwenye droo ya chini ili mtu asije akaichomeka kwa bahati mbaya.