Kubana ganda la risasi: shingo tu, au ganda zima?

Shemeji yangu yuko Montana, Marekani, na risasi zake za kuwindia hujaza mwenyewe nyumbani, kwa maganda yaliyokwisha kupigwa. Kule ni kawaida. Hapa Dodoma usithubutu bila leseni. Juzi akanipigia nikiwa karakana, Chang'ombe: "Shem, bolti ya bunduki imekuwa nzito kufunga." Bolti ndiyo komeo linalofunga nyuma ya chemba, yaani tundu la mtutu ambamo ganda hukaa.

Ganda likipigwa hutanuka, hivyo hubanwa kwa kalibu, umbo la chuma la kubania, kabla ya kujazwa tena. Yeye anatumia kalibu ya shingo. Hii hubana shingo ya ganda peke yake; mwili unabaki na umbo la chemba, kwa hiyo shaba haichoki upesi na mafuta ya kupaka ni kidogo. Tatizo ni kwamba ganda hilo linaifaa bunduki ileile tu, na kadiri linavyopigwa tena na tena, bega, ule mteremko kati ya mwili na shingo, husogea mbele mpaka chemba inalikataa.

Nikamwambia apake wino wa maka kwenye ganda tupu, aliingize, afunge bolti, alitoe. Wino ulikuwa umekwanguka begani, mzunguko mzima. Kumbe!

Kalibu ya ganda zima hulirudisha bega. Ila ukiikaza hadi mwisho bila kupima, ganda litakuja kukatika karibu na kitako. Na ukisahau mafuta, linanasa humo ndani, utalitoa kwa jasho. Mimi ningechukua hii, niishushe kidogo kidogo sana, nikipima kwa kalipa yenye kifaa cha kupimia bega mpaka bega lirudi milimita 0.05 hivi.

Shem bado anaitetea ya shingo. Ameinunua ghali, namwelewa.