Kobe, Sato na Paka: Vifaa vya Kompyuta vya Kumnunulia Mtoto

Mzazi anayepita na mtoto kwenye maduka ya vifaa vya kompyuta katikati ya jiji la Mwanza ataombwa tu kipanya cha kobe au flashi ya samaki. Ombi hilo nalichukulia kwa uzito, kwa sababu mtoto hutunza anachokipenda, na sura ya mnyama yaweza kuwa na kazi: kompyuta ya watoto ya XO-1, iliyoanza kutengenezwa kwa wingi mwaka 2007 na kusambazwa hata kwa jirani zetu wa Rwanda, ilikuwa na masikio mawili ya kijani yaliyobeba antena, na yakifungwa yalifunika matundu ya USB yasiingie vumbi.

Nafasi ya kwanza naipa kipanya cha kobe chenye waya, kwa kuwa hakihitaji betri na gamba lake halizuii kihisi kilicho chini. Ukiwa dukani, kifunike kwa kiganja cha mtoto mwenyewe, kisha abonyeze kitufe cha kushoto mara ishirini. Gamba zima likicheza, au kitufe cha kulia kikiitika pamoja nacho, kirudishe.

Flashi ya samaki inafuata, ingawa shingo yake ni dhaifu. Niliyomnunulia binti yangu, sato wa mpira mwenye magamba yaliyochorwa vizuri, ilimaliza muhula mmoja tu: aliivuta kwa mkia, mpira ukabaki mkononi na chuma kikabaki ndani ya kompyuta pamoja na kazi zake zote za shule. Mfundishe mtoto kushika sehemu ya chuma, na usimchague samaki mnene anayeziba tundu la pili. Zaidi ya hayo, ijaze yote kwa programu ya bure ya H2testw kabla hujaiamini, kwani zipo zinazoandikwa GB 64 huku uwezo wake ni mdogo mno.

Kibodi ya nyayo za paka ni ya tatu, na inunuliwe tu ikiwa vibonye vyake vinang'oka, maana wale wadudu wa ziwani wanaofuata taa usiku hufia chini yake na lazima wafagiliwe.

Kava la manyoya la kompyuta mpakato silipi nafasi yoyote: huziba matundu ya hewa, feni hulia mfululizo, na mashine hujipunguzia kasi ili isiungue.