Ukuta wa sebuleni: tathmini ya mahali nilikonunua picha, vinyago, kanga na kawa

Ukuta mkubwa wa sebule yetu, wenye urefu wa mita 4 na ushei, ulikaa mtupu kwa karibu miaka miwili tangu tulipohamia Mbezi, Dar es Salaam. Mara ya kwanza tulipojaribu kuujaza tuliagiza mtandaoni seti ya picha sita zilizochapwa kiwandani, zote za ukubwa mmoja, zote za kijivu na dhahabu, kutoka kwa muuzaji ambaye sitamtaja. Masika yalipoingia, mbao laini zilizoshikilia picha hizo zilivuta unyevu zikapinda, na pembe mbili zikaanza kubanduka. Hata kabla ya hapo, katika miezi yote zilipokuwa ukutani, hakuna mgeni hata mmoja aliyesimama kuzitazama. Tulizishusha, na tangu siku hiyo nikajiwekea sharti kwamba kila kitakachopanda pale kiwe kimetoka mikononi mwa mtu, tena nijue kimetoka wapi.

Sharti hilo linaleta tatizo lake. Ukikusanya mchoro, kinyago, nguo, kazi ya ukili na picha za zamani, ukuta unaweza kugeuka ukafanana na kibanda cha mnadani. Nilichojifunza, na ndicho kilichoongoza manunuzi yote ninayoyaeleza hapa, ni kwamba vitu vya aina nyingi vinahitaji jambo moja tu linalovipitia vyote. Mimi nilichagua weusi. Kila kitu nilichonunua kina weusi mahali fulani, kiwe mstari, madoa, au mwili mzima. Mwingine anaweza kuchagua umbo la duara au rangi ya udongo. Muhimu ni kuchagua kabla ya kutoka nyumbani na fedha mfukoni.

Wapo wanaodhani kwamba kuchanganya vitu ukutani ni mtindo wa kuletwa. Anayefikiri hivyo aende Lamu akatazame nyumba za mawe za karne ya 18, ambazo ndani yake kuna zidaka, yaani vishubaka vilivyopangwa safu juu ya safu katika lipu ya chokaa, ambamo wenye nyumba walipanga vyombo vya thamani, zikiwamo sahani na bakuli za kauri kutoka China. Hata karibu na kwetu, katika magofu ya Kunduchi, yako makaburi yenye nguzo zilizopachikwa bakuli za Kichina. Kuweka kitu cha mbali kando ya kazi ya fundi wa hapa ni desturi ya pwani hii tangu zamani.

Nilianzia Oysterbay, kwenye ushirika wa wachoraji wa Tingatinga uliopo eneo la Morogoro Stores, na kama mtu ana uwezo wa kwenda mahali pamoja tu, ningemwelekeza pale. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, alianza kuchora mwishoni mwa miaka ya 1960 kwa rangi ya kung'aa ya kupakia baiskeli juu ya vipande vya mraba vya hadibodi, na hakuchora kwa zaidi ya miaka michache, kwa sababu mwaka 1972 alipigwa risasi na polisi kwa makosa akafariki. Jamaa na wanafunzi wake waliendeleza kazi hiyo, na ushirika wao ukaundwa mwaka 1990. Faida kubwa ya kununua pale ni kwamba wachoraji wanafanya kazi mbele yako. Utaona anayepaka rangi ya usuli, yaani ya nyuma ya picha, peke yake na kuiacha ikauke, kisha anayerudi juu yake na brashi nyembamba kuweka mnyama, na mwishowe madoa, moja baada ya jingine, bila kufuta.

Ushauri wangu ni kwamba usinunue mchoro wa kwanza unaokuvutia. Twiga, tembo na Mlima Kilimanjaro vimechorwa mara nyingi mno, na nyingi kati ya picha hizo zimenakiliwa kwa mazoea ya mkono. Simama karibu, umbali wa shubiri mbili, utazame jicho la mnyama. Katika mchoro uliofanywa kwa haraka, jicho ni duara jeupe lenye nukta nyeusi katikati, na majicho yote ya wanyama wote ni sawasawa. Katika mchoro nilioununua, wenye kanga watatu juu ya usuli wa manjano, ndege wa katikati ana jicho lililosogezwa kidogo mbele, na duara lake halikufungwa chini, kiasi kwamba anaonekana ametaharuki kwa kitu kilicho nje ya picha. Madoa yake pia hayalingani. Ya shingoni ni madogo na yamesongamana, ya mgongoni yanatawanyika kadiri bawa linavyopanuka. Huyo mchoraji alikuwa anamfikiria ndege, na jina lake mwenyewe limeandikwa pembeni, jambo ambalo nalo ni la kuangalia.

Nililipa shilingi 120,000 kwa mraba wa sentimita 60, baada ya mazungumzo ya kiungwana. Waliniuliza kama nataka ukubwa mwingine, na hawakunisukuma ninunue zaidi. Upungufu nilioona ni mmoja. Michoro mingi imebanwa ukutani na kupangwa sakafuni kwa msongamano mkubwa, hivyo ni vigumu kuutazama mmoja bila mwingine kukuvuta jicho. Omba uletewe nje mwangani. Na ukichukua uliochorwa juu ya kitambaa, hakikisha rangi imekauka kabisa kabla ya kuukunja mviringo, kwa sababu rangi hii ya mafuta huonekana kavu juu huku chini bado ni laini, na ikigandamana hairekebishiki.

Kutoka hapo nilikwenda soko la vinyago la Mwenge. Hapa pana mafundi hodari na pana bidhaa za watalii, bega kwa bega, kwa hiyo lazima mnunuzi ajue anachotafuta. Vinyago vya Kimakonde vya mtindo wa ujamaa, vile vya watu waliopandana wakishikana kutoka chini hadi juu, ni vizuri kupita vyote, lakini si vya ukutani. Vimechongwa vizungukwe na kutazamwa pande zote, na ukikibana kimoja ukutani umekipunguzia nusu ya kazi yake. Cha kutundika ni kinyago cha uso chenye mgongo bapa. Inafaa pia kufahamu kwamba lipiko, kinyago anachovaa mchezaji katika ngoma za Kimakonde zinazohusiana na jando na unyago, huchongwa kwa mti mwepesi, kwa sababu mtu anakivaa kichwani na kucheza nacho. Uso wa mpingo mzito unaouzwa sokoni ni pambo, na hakuna ubaya wowote katika kuwa pambo, ila muuzaji asikwambie kwamba kilichezewa ngoma.

Mpingo wa kweli utautambua kwa uzito, kwani ukiutia majini unazama, na mara nyingi fundi huacha mahali fulani ukanda wa mti wa nje wenye rangi ya maziwa ili weusi wa kiini uonekane. Nalisema hili kwa uchungu kidogo. Miezi kadhaa kabla, nje kabisa ya Mwenge, nilinunua kinyago kando ya barabara kwa muuzaji aliyeniapia kuwa ni mpingo. Nilipokifuta nyumbani kwa kitambaa cheupe chenye maji, kitambaa kilitoka na rangi ya viatu, na chini ya pua ya kinyago pakabaki mti wa rangi ya majani makavu. Pale Mwenge nilimwomba fundi ruhusa ya kufanya jaribio lile lile kabla ya kulipa, na hakuchukia. Alinyoosha mkono kuchukua chupa ya maji mwenyewe. Kitambaa kilibaki cheupe. Kinyago hicho, uso wa mzee mwenye chale mashavuni, kilinigharimu shilingi 85,000, na hadi leo naona bei hiyo ni ya haki kwa siku za kazi zilizomo. Kabla ya kuondoka, geuza kinyago uangalie mgongoni. Vumbi laini linalomwagika kutoka kwenye vitundu ni dalili ya wadudu wa mbao, na ukiwaingiza nyumbani watahamia kwenye fremu.

Kariakoo, mtaa wa Uhuru, sina mengi ya kueleza, kwa kuwa kila mtu wa Dar es Salaam anaujua. Kanga huuzwa kwa doti, vipande viwili, kwa hiyo kimoja kilikwenda ukutani na cha pili mke wangu anakivaa. Jambo moja tu ndilo ninalotaka kulisisitiza, nalo ni jina, yaani maneno yaliyoandikwa juu yake. Ukutani jina la kanga litasomwa na kila anayeingia, wakwe, majirani na mafundi wa maji, na wote wataamini kwamba mwenye nyumba amelikusudia. Majina ya mafumbo yanafaa mwilini, ambako mvaaji anachagua siku na mtu wa kumwonyesha. Sebuleni fumbo linamchoma asiyehusika. Sisi tulichukua «Wema hauozi», yenye pindo nyeusi na madoa meupe mjini, yaani katikati ya nguo, na hapo ndipo madoa ya ndege wa Oysterbay yalipopata jamaa yao. Kanga ina urefu wa takriban mita moja na nusu, hivyo inameza ukuta mdogo. Usiikate. Mwambie fundi aivute juu ya fremu ya mbao na kukunjia nyuma pande za kushoto na kulia, huku jina na pindo za juu na chini vikibaki mbele. Ifuliwe kwanza ili wanga utoke, na isiwekwe kwenye jua la dirishani.

Vitu viwili vilitoka Unguja. Cha kwanza ni picha ya mitaa ya Mji Mkongwe katika nyeusi na nyeupe, niliyoinunua Capital Art Studio, studio iliyoanzishwa na Ranchhod Oza mwaka 1930 na ambayo bado ina hazina ya picha za Zanzibar ya zamani. Huduma yao ni ya utulivu, unaachwa upekue bila kuharakishwa, na uchapaji ni safi. Weusi wa kivuli kwenye baraza ni mweusi kweli, si wa kijivujivu. Cha pili ni kawa, yaani kifuniko cha chakula, la ukili lenye mistari myeusi na ya zambarau. Kawa lina kichwa kilichochongoka, kwa hiyo linatoka nje ya ukuta kuliko kitu kingine chochote, na kwa sababu hiyo nililiweka juu, pembeni, mahali ambapo bega la mtu haliwezi kuligusa. Jioni taa ikiwashwa linatupa kivuli cha duara juu ya picha ya Mji Mkongwe. Hilo sikulipanga, lakini sasa ndilo ninalolipenda kuliko yote.

Fremu ndizo zilizonipa hasara. Fundi wa kwanza, ambaye jina na mtaa wake navihifadhi, aliibana picha ya bibi yangu, iliyopigwa studio akiwa msichana, moja kwa moja kwenye kioo. Unyevu wa pwani ulipoingia, sura yake iligandana na kioo, na tulipojaribu kuitoa, sehemu ya shela yake ilibaki kwenye kioo. Ashukuriwe Mungu tulikuwa tumekwisha kuiskani. Fundi wa pili aliweka kadi nene iliyokatwa dirisha katikati ili kioo kisiguse karatasi, akaziba mgongo kwa utepe, akatoza shilingi 35,000 kwa fremu. Tafadhali, mtu yeyote mwenye picha ya pekee ya marehemu wake adai nafasi hiyo kati ya picha na kioo, na asiiache picha halisi kwa fundi kabla ya kutengeneza nakala.

Kupanga kulichukua jioni mbili. Tulitandika mkeka sakafuni, tukavilaza vitu vyote juu yake, tukavihamisha mpaka macho yalipotulia. Kisha tukakata magazeti kwa vipimo vya kila kitu na kuyabandika ukutani kwa utepe kabla ya kutoboa hata tundu moja. Mchoro wa wale ndege watatu, ambao ni mkali kuliko vyote, hatukuuweka katikati bali kushoto kidogo, na katikati ya mpangilio mzima ikawa kama sentimita 150 kutoka sakafuni. Kati ya kitu na kitu tuliacha sentimita 6. Kwa matofali ya saruji msumari peke yake hautoshi. Kinyago cha mpingo kinahitaji tundu la drili, plagi ya plastiki na skrubu, na pimamaji ni lazima, kwani pindo la kanga likienda upande hata kidogo, ukuta wote unaonekana umelegea.

Gharama yote, pamoja na fremu nne na nauli ya boti, ilifika shilingi 640,000 katika muda wa miezi saba. Kwa anayeanza na fedha kidogo, ningemshauri anunue kwanza kanga na fremu yake, kisha aweke akiba ya mchoro mmoja wa Oysterbay ulio mzuri badala ya mitatu ya haraka. Kulia, karibu na mlango, tumeacha wazi mraba wa sentimita 30. Mke wangu anataka pale sahani ya kauri ya buluu na nyeupe kama zile za zidakani, yenye mstari mweusi ukingoni, na bado tunaitafuta.