Laptopu ilipasuka kwenye bawaba: waranti imelipa, ila kwa mbinde

Mwezi wa tisa tangu niinunue, nafungua laptopu asubuhi nikasikia "tak!" Kona ya kushoto, pale kwenye bawaba, plastiki ya juu imeachana na ya chini. Nikisogeza kioo, ufa unaachama kama mdomo wa kambale. Na haijawahi kuanguka hata siku moja.

Fundi wa mtaani kwetu alitaka kuimaliza kwa gundi, elfu kumi tu. Namshukuru Mungu nilikataa, maana gundi ingewapa wenye waranti kisingizio cha kuninyima. Lakini fundi huyohuyo ndiye aliyenifumbua macho. Alimulika ndani ya ufa kwa tochi ya simu: skrubu za bawaba hazikushika chuma, zimeshika vijipete vya shaba vilivyozamishwa kwenye plastiki. Bawaba ikiwa ngumu, kila ukifungua kioo unavivuta, mpaka siku vinang'oka na kipande cha plastiki. Nikapiga picha palepale.

Kituo cha huduma kiko mjini, Dar, jina naliacha. Dada wa mapokezi aliitupia jicho tu. "Kaka, hii imeanguka. Waranti haihusiki na kuvunjika." Kutengeneza kwa pesa yangu, laki tatu na nusu.

"Dada yangu, iliyoanguka huwa na mchubuko. Nionyeshe ulipo."

Akaigeuza pande zote, asiuone. Akamwita fundi. Fundi akatazama picha, akafungua na kufunga kioo taratibu mara mbili, akasema: "Bawaba imekaza hii, siyo kosa lake." Mjadala ukaishia hapo.

Ikabaki risiti. Karatasi za EFD, zile risiti za mashine ya kodi, mnazijua: yangu ilishafifia, huwezi kusoma hata tarehe. Iliyoniokoa ni picha ya risiti hiyo niliyoipiga siku ya kununua, wakailinganisha na namba iliyo chini ya mashine. Rafiki yangu aliyeletewa yake kutoka Dubai alikwama hapohapo, kumbe waranti yake ilikuwa ya kule kule.

Kabla ya kuiacha nilihamisha mafaili yangu yote, kwa sababu fomu yao inasema wazi kwamba data ikipotea ni juu yako.

Waliniahidi siku saba za kazi. Zikawa ishirini na sita! Hakuna aliyenipigia; kila nikipiga mimi, "kipuri kipo njiani, kaka." Ripoti ya mwisho wa mwezi niliiandika kwenye simu, vidole vikafa ganzi. Hili ndilo lililoniudhi kuliko hata ile laki tatu na nusu. Kipuri kuchelewa naelewa, ila ujumbe mmoja wa simu unagharimu nini?

Kazi yenyewe lakini safi. Wamebadilisha bawaba zote mbili, kava la chini na fremu ya juu, na kwa kuwa kibodi imeshikana na fremu hiyo, nimepata kibodi mpya bure. Herufi A yangu ilishafutika, sasa inang'aa. Sikulipa hata shilingi. Ufundi nawapa nane kwa kumi, mawasiliano matatu, na hayo matatu ni ya huruma.

Niliikagua palepale kaunta, nikaipindua na kuhesabu skrubu za chini. Moja haipo. Fundi akacheka, akaitoa mfukoni mwa koti lake.