Unanunua taipureta ya ofisi? Zibonyeze hizi batani kabla hujatoa hela (mashine nimezipanga kuanzia ninayoiamini zaidi)

Ukienda kununua taipureta beba karatasi tatu na kaboni mbili (zile karatasi za wino za kutolea nakala), za kwako mwenyewe, usisubiri muuzaji akupe kipande cha karatasi uandike jina lako halafu aseme si unaona inafanya kazi. Jina kila taipureta inaandika. Mashine ya ofisi unaijua kwenye vitu ambavyo watu wengi hawavigusi wakiwa dukani, pambizo, tabuleta (ya kurukia safu inayofuata), shifti, kengele, bakispesi (ya kurudi nyuma herufi moja), ule mkono wa kurudisha mstari, na hivyo ndo vinavyoganda kimyakimya mashine ikikaa stoo miaka 20.

Mi mama yangu alikuwa karani mpiga chapa, kwa hiyo nimekua na huo mlio masikioni, na mpaka leo kwenye kibanda changu cha stesheneri taipureta inafanya kazi ambayo printa haiwezi. Fomu yenye nakala tatu za kaboni utaiwekaje kwenye printa? Printa hizi za wino na za leza hazigongi karatasi, zinapaka tu, kaboni haishiki kitu. Bahasha moja, hati ya mkataba iliyobakiza mstari mmoja wa kujaza, umeme umekatika na mteja ana gari la saa nane, hapo ndo utaijua thamani yake.

NAMBA MOJA, mashine ya mkono ya mezani, ile kubwa nzito. Kwa ofisi sioni cha kuifikia. Ninayoipenda ni Olympia SG1 ya Mjerumani, ilitoka 1953 kiwandani Wilhelmshaven, uzito wake ni kama kilo 17 kwa hiyo ukishaiweka mezani imekaa, haitembei hata ukiandika kwa hasira. Imperial za Mwingereza, zile za Leicester, nazo ni imara, na Godrej za India pia, wale jamaa wa Mumbai waliendelea kuunda mashine za ofisi mpaka 2009.

Sasa ikague hivi. Ingiza zile karatasi tatu na kaboni zako, vuta kile kishikizo cha kuachia karatasi uzinyooshe, rudisha. Zungusha rola (ile silinda ya mpira inayobeba karatasi). Karatasi zikipanda upande au zikiteleza ujue mpira wa rola umekuwa mgumu kama jiwe, ubonyeze kwa kucha, ukiwa mzuri unabonyea kidogo. Rola ngumu inafanya herufi "o" itoboe karatasi, halafu mpira mpya wa rola kuupata ni kazi kweli kweli.

Pambizo zinapangwa na vizuizi viwili, kwenye mashine nyingi vipo nyuma au juu ya kareji (kile kipande kizima cha juu kinachotembea), unakibonyeza unakisogeza unakiachia. Weka kushoto kwenye 10 na kulia kwenye 70, andika mpaka mwisho. Kengele lazima ilie herufi chache kabla ya kufika kizuizini, hiyo ndo inakwambia malizia neno au likate, halafu kareji ikifika mwisho batani zinajifunga. Hapo bonyeza batani ya kuachia pambizo, zifunguke uendelee. Kama kengele kimya, karani atakuwa anakodolea macho kareji siku nzima badala ya kusoma anachonakili, na hapo ndo makosa yanazaliwa.

Kuna mashine za pica na za elite. Pica ni herufi 10 kwa inchi, elite ni 12, yaani kwenye A4 bila pambizo pica inaingiza herufi 82 na elite 99. Barua za serikali na za wazee wenye macho mazito chukua pica. Fomu zenye vibox vidogo, elite. Hili muuzaji hatakwambia, andika herufi 10 upime kwa rula, zikiwa inchi moja kamili hiyo ni pica.

Bakispesi ijaribu kwa kuweka kichwa cha habari katikati, kama tulivyofundishwa: peleka kareji katikati ya karatasi, kisha rudi nyuma mara moja kwa kila herufi mbili za kichwa chako. Kichwa cha herufi 20 unarudi mara 10 unaanza kuandika. Bakispesi iliyochoka inaruka au inanata na kichwa kinaenda upande. Tabuleta nayo, tega vituo vitatu, bonyeza, kareji ikimbie isimame palepale kila mara, halafu vifute vyote uone kama vinafutika. Ofisi inayoandika orodha za majina na hela bila tabuleta inajitesa.

Halafu kuna kile kishikizo kidogo chenye alama za rangi, nyeusi (au bluu), nyekundu na nyeupe. Nyeusi inatumia nusu ya juu ya utepe wa wino, nyekundu nusu ya chini. Vijana wengi wakiiona hiyo nyeupe wanasema mashine mbovu, haiandiki! Sio mbovu, hapo utepe haunyanyuki kabisa, ni kwa ajili ya stensili (karatasi ya nta ya kudurufia), chuma cha herufi kinachana nta moja kwa moja ndo wino upite kwenye mashine ya kudurufu. Mitihani yangu yote ya shule ya msingi ilitoka kwenye hiyo alama nyeupe, ile yenye karatasi za rangi ya udongo na harufu ya wino. Ukikuta mashine "haiandiki" inauzwa kwa bei ya chuma chakavu, angalia kishikizo hicho kwanza kabla hujaondoka.

Kabla sijaenda namba mbili, MPANGILIO WA HERUFI, hili nalisema kwa uchungu. Niliwahi kununua mashine nzuri sana ya mtumba kutoka Ujerumani, nimeijaribu kila kitu isipokuwa kusoma batani moja moja. Kumbe ni QWERTZ, Y na Z zimebadilishana nafasi. Kwa Kiingereza labda ungevumilia, ila Kiswahili chetu kila neno la pili ni ya au za! "Barua ya mkuu" inatoka "barua za mkuu", na haionekani kama kosa la chapa, inaonekana kama hujui ngeli. Barua ya mteja ilirudishwa, na mpaka leo naiona aibu ile. Zinazotoka Ufaransa au Ubelgiji, ambazo ndo utazikuta zaidi upande wa Kongo na Burundi, ni AZERTY, A na Q zimebadilishana na tarakimu mpaka ushike shifti. Aliyezizoea ni sawa, karani wa huku atalia.

Angalia pia kama ina alama ya = na mkwaju (/), la sivyo 5,000/= utaiandikaje? Na koma ya juu kwa ajili ya ng'ombe na ng'ambo. Mashine nyingi za zamani hazina tarakimu 1, usishtuke, unatumia l ndogo, na alama ya mshangao unaandika koma ya juu, bakispesi, nukta chini yake. Hivyo havipunguzi ubora.

NAMBA MBILI, ya mkono ya kubeba, inayoingia kwenye kasha lake. Olivetti Lettera 32 ya Mtaliano (1963) ni karibu kilo 6, Olympia SM9 ni nzito kidogo ila laini zaidi vidoleni. Hizi ni za wale ndugu zetu wanaokaa nje ya mahakama na ofisi za ardhi, za mwandishi, za mtu anayehama hama. Vidhibiti ni vilevile, tofauti kareji ni fupi, na kaboni nyingi zinaishinda, nakala mbili sawa, ya nne usitegemee. Zile ndogo zaidi mara nyingi hazina tabuleta, uliza. Na mashine yoyote usiinyanyue kwa kushika kareji, funga kareji kwanza kama ina kifungio, kisha beba kwa mwili wake.

NAMBA TATU, za kielektroniki zenye gurudumu la herufi mfano wa ua, Brother ndo wanajulikana sana. Kuandika ni raha, inakumbuka mstari, batani ya kufuta inarudi inaondoa herufi yenyewe, pambizo unapanga kwa kubonyeza tu mahali ulipo, kuweka katikati na kukoza herufi ni batani ya Code pamoja na herufi nyingine. Kwa nini basi namba tatu? Umeme, ndio, ila zaidi ni kaseti ya utepe. Ya filamu inapita mara moja tu na kuisha, ya kitambaa inadumu, na kila moja ina utepe wake wa kufutia, ukichanganya haifuti inachafua. Na jambo la usiri: filamu iliyotumika inasomeka herufi kwa herufi kama barua yenyewe, kwa hiyo ofisi ya wakili isiitupe jalalani, ichomwe. Halafu ile filamu inayofutika usiandikie cheki wala mkataba, mtu anaweza kuinyanyua herufi yako akaweka yake.

NAMBA NNE, IBM Selectric, ile ya mpira wa herufi, ilitoka 1961, kareji haitembei bali mpira ndo unaotembea, na unaweza kuutoa ukaweka wenye mwandiko mwingine. Mashine tamu kuliko zote nilizowahi kugusa, sifichi. Lakini ndani ina vipande vingi mno, mafuta yakigandia inakwama kila mahali, na fundi anayeijua ni wa kutafuta kwa tochi. Ya Marekani ni volti 115, ukiichomeka kwenye 230 yetu bila transfoma umeiua. Inunue kama fundi unamjua kwa jina.

NAMBA TANO, mpya za mkono za plastiki zinazotoka China. Zinapendeza kwenye picha, ila nilizozijaribu mstari haunyooki na kengele kama imetekenywa. Kwa zawadi ya mtoto sawa, kwa ofisi hapana.

La mwisho, usikubali kuuziwa mashine bila zile roda mbili za utepe, hata kama utepe wenyewe umekauka kabisa. Utepe wa nusu inchi unaingia karibu kwenye mashine zote za mkono, ila roda zinatofautiana tundu la katikati. Ukiwa na roda za asili unanunua utepe wowote wa nusu inchi, unauzungushia kwa mkono, unahakikisha kile kijicho cha chuma cha mwisho wa utepe kipo, maana hicho ndo kinachosukuma kigeuzi ili utepe urudi upande wa pili. Vidole vitakuwa vyeusi siku mbili.