TAHADHARI: Kuna muuzaji wa alteneta za "ampea 100" na seti za muziki za magari ya zamani hapa Dar

Wakuu, nimeliwa. Naandika kabla hasira hazijapoa, maana zikipoa nitaona aibu ninyamaze, na huyu bwana ataendelea kula wengine.

Nina Volkswagen ya 1969, ile ya mgongo wa kobe, aliniachia marehemu baba mdogo. Ni ya volti 12, na hadi mwezi uliopita ilikuwa na dainamo yake ileile ya ampea 30, ndiyo inayochaji betri. Wenye gari hizi mnajua shida yake: ukisimama foleni ya Mwenge usiku taa zinafifia kama kibatari, ukikanyaga mafuta zinarudi. Taa kubwa peke yake zinakula ampea 7 hivi, bado koili, bado waipa. Mimi nikataka amplifaya na subwufa ya inchi 10. Kila fundi niliyemuuliza alinijibu kitu kimoja: anza na chaji, muziki baadaye. Nikaingia mtandaoni kutafuta alteneta, inayofungwa badala ya dainamo, nikakutana na huyu muuzaji.

Tangazo lake limetulia. "Seti kamili": alteneta ya ampea 100 inayokaa kwenye injini ya kobe bila kukata chochote, amplifaya ya wati 3000, kapasita (kopo la kuhifadhi umeme kidogo wa muziki), waya mnene mita 5, kufungiwa bure. Bei 1,350,000. Nilipomuuliza duka liko wapi akasema yuko Gerezani, ila stoo inahamishwa, tukutane sheli. Nikatuma nusu kwa simu. Jina lililotokea kwenye muamala ni la kike, yeye anajiita kwa jina la kiume. Eti ni laini ya mke wake. Nikaamini. Hapo chekeni tu, ruksa.

Alikuja nyumbani na kijana wake, wakafunga chini ya mwembe kwa muda wa saa tatu hivi. Amplifaya wakaiweka buti la mbele, waya wakaupitisha chini ya zulia. Muziki ukalia, watoto wa jirani wakaja kucheza. Akapiga picha za gari kila upande, nikamalizia hela yake.

Kesho yake nikampakia mke wangu na mdogo wake, tukashika njia ya Bagamoyo. Tumepita Bunju nikaanza kusikia kwenye spika mlio mwembamba, wiiii, unapanda na kushuka na injini. Taa nyekundu ya chaji nayo ikawa inawaka kwa mbali, kama moto wa sigara gizani. Nikapunguza sauti, nikaendelea, ndiyo ujinga wenyewe. Hatujafika Mapinga shemeji akaniambia, "Shem, kuna kitu kinaungua huku." Moshi ulikuwa unatoka pembeni ya zulia.

Kwa wasioijua gari hii, betri yake iko chini ya kiti cha nyuma. Ili uichomoe inabidi umtoe aliyekalia, unyanyue kiti, halafu utafute spana namba 13. Na kiti cha zamani ndani yake kimejazwa nyuzi zinazoshika moto haraka kama usumba. Hata bila muziki, kobe ngapi zimeungua kwa sababu mtu mzito amekaa nyuma, springi za kiti zikagusa kichwa cha betri kisicho na kifuniko! Mimi spana ilikuwa buti la mbele, chini ya begi la mke wangu. Nilipokuja kulegeza kichwa cha betri, ganda la waya lilikuwa limeshagandana na zulia.

Gari ilirudi kwa kuvutwa hadi Keko, kwa mzee mmoja fundi umeme ambaye ningemsikiliza tangu mwanzo. Hakusema mengi. Alichukua kisu akakwangua waya. Juu mwekundu, ndani mweupe: aluminiamu iliyopakwa kopa. Aluminiamu inapitisha umeme kama asilimia 60 tu ya kopa, kwa hiyo ilitakiwa iwe nene zaidi, na huu ulikuwa kinyume, ganda nene kama kidole na nyuzi za ndani hazizidi unene wa penseli ya mtoto. Alisema alipima kabla hajaung'oa: kwenye betri volti 13.4, kwenye amplifaya 11.8, muziki ukiwa wa kati tu. Hiyo tofauti yote ilikuwa inageuka joto chini ya miguu ya shemeji. Halafu fyuzi yao waliiweka kule kwenye amplifaya. Fyuzi ya waya mkubwa inakaa karibu na betri, isizidi sentimita 45, ili waya ukichubuka popote mbele yake ikatike. Ya kwangu ilikuwa inalinda buti.

Akahamia kwenye alteneta. Imepigwa rangi ya fedha, mpaka kwenye meno ya bolti, ambayo alteneta mpya haiwi hivyo. Akaikuna stika ya "100A" kwa ukucha, chini yake kwenye chuma kumegongwa 14V 55A. Akanirudishia betri, akawasha gari, taa zote, akakanyaga mafuta, akashika waya kwa mita ya koleo, ile inayobana waya na kusoma umeme unaopita: ampea 34. Yaani nimetoa dainamo ya 30 nikapata 34. Akageuza mita kwenye AC, umeme wa kwenda na kurudi usiotakiwa kufika kwenye betri, ikasoma volti 0.9 pale kwenye betri, wakati ikivuka nusu volti ujue daiodi, vidude vya ndani ya alteneta vinavyonyoosha umeme huo, zimekufa. Ndiyo ule mlio kwenye spika, na ndiyo ile taa.

Lakini kilichomkasirisha mzee ni beringi. Aliizungusha kwa mkono ikakwaruza kama mchanga. "Mwanangu, hii ingekuulia injini." Kwenye kobe hakuna maji ya kupoza. Feni inayopuliza hewa kwenye silinda imefungwa kwenye shafti hiyohiyo ya dainamo au alteneta. Beringi ikishika, feni imesimama, na injini inajipika. Muuzaji wa alteneta mbovu ya Corolla anakuachia betri iliyokufa. Wa kobe anakuachia injini ya kuchonga upya.

Amplifaya ya wati 3000 ina fyuzi mbili za 25. Zidisha mwenyewe: ampea 50 kwa volti 14 ni wati 700 zinazoingia, na sehemu yake inaishia kwenye joto. Wati 3000 za kweli zingetaka zaidi ya ampea 200. Hesabu hii ningeweza kuifanya pale sheli, kabla sijalipa. Kapasita sitaki hata kuizungumzia, ndani ya lile kopo kubwa kulikuwa na kidude saizi ya betri ya tochi na gundi.

Kwa anayetaka kununua hivi vitu kwa mtu yeyote, si huyu tu: nenda na fundi wako mwenye mita ya koleo, alteneta ipimwe ikiwa imefungwa na taa zimewashwa, halafu ndiyo hela itoke. Waya ukwanguliwe mbele ya muuzaji. Akikataa kukwangua, umeshajua.

Nilimpigia siku ileile. Kwanza akasema fundi wangu ameharibu, pili akasema atatuma nyingine, tatu akanibloku. Namba yake nimeituma 15040, ya kuripoti matapeli wa simu, na polisi nimepewa RB, namba ya taarifa yangu. Jina simtaji hapa kwa sababu anabadilisha majina kuliko laini.

Mtamtambua kwa kitu kimoja. Jana ameweka tangazo jipya, bei imepanda hadi milioni moja na nusu, na picha ya juu kabisa ameandika "mteja wetu ameridhika". Ni kobe ya bluu chini ya mwembe, kiti cha nyuma kimetandikwa kitenge cha njano. Hiyo ni ya kwangu, na kitenge hicho sasa kina tundu la kuungua upande wa kulia.