Uzoefu wangu: trela ya magodoro iliyoundiwa pua ya bati

Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikipeleka magodoro Kisumu kutoka Nakuru kwa pikapu ya dizeli inayovuta trela, na muda wote huo niliulaumu mwinuko wa Mau Summit kwa mafuta niliyokuwa nikichoma. Mzigo wenyewe ni mwepesi, lakini hupita paa la pikapu kwa karibu mita moja, na uso huo uliosimama wima kama ukuta ndio uliokuwa ukishindana na hewa njia nzima.

Fundi mmoja wa jua kali mjini Nakuru alinitengenezea pua ya bati juu ya fremu ya vyuma vya mraba kwa shilingi 14,500. Mimi nilitaka ncha kali kama ya mshale. Yeye alishikilia kwamba pembe za juu na za kando zikunjwe mviringo, akazipimia mfuniko wa sufuria, na sasa nakiri kwamba alijua kazi yake, kwa kuwa hewa ikikutana na ukingo mkali huachana na ubavu wa trela na kuanza kuvurugika, ilhali ukingo wa mviringo huiongoza ikaambaa nao. Turubai, lililozoea kupigapiga kama bendera, tulilikaza kwa kulabu kila sentimita 20.

Kasoro ilikuwa riveti. Kabla sijafika Londiani upande mmoja ulikuwa ukitetemeka kwa kelele, nikaufunga kwa waya hadi niliporudi. Fundi aliweka bolti na hakunitoza chochote.

Kwa kuwa Kisumu iko chini kuliko Nakuru kwa zaidi ya mita 600, kupima safari ya kwenda peke yake ni kujidanganya. Nilijaza tangi pomoni kwenye pampu ileile, nikahesabu kwenda na kurudi, safari 4 kabla ya pua na 4 baadaye. Wastani ulishuka kutoka lita 46 hadi 42. Kwenye mpando sikuona tofauti yoyote, maana huko mwendo ni wa pole na kinachochosha injini ni uzito. Faida huonekana baada ya Awasi, kwenye tambarare ya Kano, hasa alasiri upepo wa ziwa unapokuja usoni. Hata hivyo, anayetaka kukimbia asiitegemee pua: ukitoka kilomita 80 kwa saa hadi 100, ukinzani wa hewa huongezeka kwa zaidi ya nusu.

Nilijaribu pia kupunguza mvuto wa hewa nyuma ya trela kwa mbao nyembamba zilizoelekea ndani, lakini zilifunika taa, nikaziondoa siku hiyohiyo. Pua nayo iliongeza uzito kwenye ndoano, hivyo nilisogeza magodoro nyuma kidogo. Safari ya kwanza niliyasogeza kupita kiasi, trela ikaanza kuyumba, na ikanibidi nisimame Ahero kuyapanga upya.